Mapazia Yaliyofungwa Mchana Kutwa: Kisa cha Nyumba ya Mtu Mwenye Uoni Hafifu

Miezi sita baada ya wenyewe kuhamia, nilirudi kuitazama nyumba niliyoisanifu. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, lakini mapazia ya sebuleni yote yalikuwa yamefungwa na taa saba zinawaka. Nyumba ile niliipanga ili mchana isihitaji taa hata moja. Ukuta mzima unaotazama bustani niliufanya wa kioo kwa sababu hiyo, na mbele ya wenzangu nilikuwa nimeshausifia mno.

Mke wa mteja alinikaribisha vizuri, akaniona ninavyoyatazama mapazia. "Ukiyafungua hayo," akasema, "mzee anahamia chumbani."

Basi. Paneli za juu ya paa zilikuwa zinavuna jua ili kuwasha taa ndani ya sebule iliyofungiwa jua.

Mteja na orodha zake mbili

Mteja ni mwanamume wa miaka 52 mwenye retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua polepole seli za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinazopokea mwanga. Kwa kawaida hutangulia seli za vijiti, zile tunazozitegemea gizani na pembezoni mwa jicho. Ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kushindwa kuona usiku, kisha eneo analoliona husinyaa kutoka kingoni kuja katikati, hadi anabaki kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Ndani ya mrija huo mteja wangu bado anasoma gazeti. Nje yake, stuli iliyoachwa njiani haipo mpaka goti liigonge. Mwanga mkali humwumiza, na akitoka juani kuingia kivulini hukaa dakika kadhaa haoni kitu.

Alijua macho yataendelea kufifia. Alitaka nyumba ambayo angeizoea akiwa bado anaona, ili siku atakapoacha kuona isiwe ngeni kwake. Alitaka pia isile umeme wala maji ovyo: sola, maji ya mvua, hewa inayopita yenyewe, vifaa vya kudumu.

Mimi nikaandika orodha mbili. Ya nishati na maji nikampa mhandisi. Ya ulemavu nikaishika mwenyewe, kwa kufuata vitabu. Kila mmoja aliimaliza yake na kuiwekea alama ya vema kila mstari. Hakuna aliyezilaza mezani pamoja, na karibu kila tatizo nililolikuta baada ya miezi sita lilikuwa pale zinapogusana. Sakafu ya zege iliyosuguliwa ikang'aa ilitoka kwenye orodha ya kwanza, kwa kuwa zege nene hupokea joto taratibu na kulitoa taratibu. Kuta nyeupe pia, zisambaze mwanga wa mchana. Taa za sensa, zinazojiwasha zikihisi mtu, vivyo hivyo. Orodha ya pili ilikuwa na njia pana, nyumba isiyo na ngazi, vishikio bafuni, na maandishi ya nuktanundu, yale yanayosomwa kwa vidole, kando ya swichi. Mteja hasomi nuktanundu. Sikuwa nimemuuliza.

Jua lile lile

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba ulemavu wa macho ni giza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali, na walio vipofu kabisa ni sehemu ndogo ya idadi hiyo. Waliobaki wanaishi na mwanga, kila mmoja kwa namna yake. Mwenye mtoto wa jicho, lenzi yake yenye ukungu huutawanya mwanga, kwa hiyo dirisha moja kali linatosha kumfutia kila kilicho mbele yake. Mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, hupoteza uoni wa pembeni na hupata shida kutenganisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana. Ambaye sehemu ya katikati ya retina imechakaa kwa uzee anauona mlango vizuri ila haoni tundu la ufunguo. Ukisanifu "nyumba ya wasioona" kabla ya kuuliza mwenyewe anaona nini, umemsanifia mtu asiyekuwepo.

Turudi sebuleni. Bustani iko magharibi, kwa hiyo ukuta wa kioo ulitazama magharibi. Jua la alasiri liko chini. Liliingia hadi katikati ya chumba, likagonga sakafu inayong'aa na kurudi juu machoni. Mteja alikuwa na vyanzo viwili vya mng'ao, kioo na sakafu, na sakafu ndiyo iliyomtesa zaidi kwa sababu yeye hutembea akitazama chini. Mgeni akisimama mbele ya kioo aligeuka kivuli cheusi kisicho na uso. Mteja aliniambia kwamba kwa miezi sita alikuwa akimtambua bintiye kwa ndala zake.

Mhandisi alipokuja na kipimajoto, sebule hiyo hiyo ndiyo iliyoongoza kwa joto alasiri, na feni hazikuwa zikizimwa. Kioo kilichomfukuza mteja ndicho kilichoingiza joto. Nilikaa na matokeo yale usiku kucha nikijiona mjinga, maana kivuli kwenye ukuta wa magharibi ni somo la mwaka wa kwanza chuoni. Nilikuwa nimelikiuka kwa ajili ya mandhari ya bustani, tena kwa mtu asiyeweza kuitazama bustani hiyo kwa jua lile.

Tulirefusha ukingo wa paa ukawa baraza yenye kina cha karibu mita mbili. Paa huzuia jua la juu tu. La alasiri hupita chini yake. Kwa hiyo kwenye ukingo wa baraza tukasimamisha mbao nyembamba zinazozungushwa kwa mkono, zikate jua la pembeni na kuacha upepo upite. Kisha tukatoboa ukuta wa mashariki, juu karibu na dari, tukaweka madirisha madogo. Watu wengi huliona hili kuwa kinyume: mtu anaumizwa na mwanga, nawe unamwongezea dirisha? Lakini kinachochoma ni tofauti kati ya dirisha jeupe na ukuta mweusi unaolizunguka. Mwanga ukija kutoka pande mbili, kuta zote hupata kiasi chake na tofauti hiyo hupungua. Na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, madirisha yale ya juu yakawa mlango wake wa kutokea.

Sakafu hatukuibomoa. Saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na iliyo ndani ya zege lile ilikuwa imeshachomwa. Kuivunja na kumwaga nyingine kungekuwa kulipa deni hilo mara mbili. Tuliikwaruza kwa mashine hadi ikapoteza mng'ao, tukaipaka nta isiyong'aa. Inahifadhi joto kama zamani.

Baraza lilileta faida ambayo sikuipanga. Lina mwanga wa wastani, kati ya jua la nje na kivuli cha ndani. Mteja aliweka benchi pale. Akirudi nyumbani hukaa kidogo, macho yatulie, ndipo aingie.

Taa saba za dari zilikuwa balbu tupu zinazotazama chini, yaani jua dogo saba. Tulibakiza tatu na kuzielekeza juu, dari ndiyo irudishe mwanga. Kazi nyingine tukaziachia taa za mahali: moja pembeni mwa kiti cha kusomea, utepe wa taa uliofichwa chini ya makabati ya jikoni. Kwa meza ya jikoni watu hupanga mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 300 hadi 500. Mwenye uoni hafifu mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo, wakati mwingine maradufu. Balbu ya LED hutumia karibu robo ya umeme wa ile ya zamani ya waya kwa mwanga uleule, kwa hiyo kuongeza mwanga juu ya ubao wa kukatia si ufujaji. Ufujaji ni kumulika dari nzima ili mtu aone ubao.

Nyeupe juu ya nyeupe

Kila rangi ina kipimo cha mwanga inaourudisha, kutoka 0 kwa nyeusi tii hadi 100 kwa nyeupe kabisa. Miongozo ya Uingereza hutaka tofauti ya pointi 30 kati ya nyuso zinazokutana: sakafu na ukuta, ukuta na mlango, mlango na kitasa. Nyumba yangu ilikuwa na kuta nyeupe, milango myeupe, swichi nyeupe, na choo cheupe juu ya vigae vyeupe. Anayechungulia kwa mrija huishi kwa kufuata kingo, nami nilikuwa nimezifuta zote.

Dawa yake ilikuwa rangi tu. Kuta zikabaki nyeupe ili mchana uendelee kusambaa. Fremu za milango, mbao za chini ya ukuta na mizunguko ya swichi zikatiwa rangi nzito. Mke alichagua kijani kizuri sana kwa fremu. Nikaipiga picha pamoja na sampuli ya rangi ya sakafu, nikaondoa rangi kwenye simu ikabaki nyeusi na nyeupe: vitu viwili vilikuwa kijivu kimoja. Rangi mbili zinaweza kugombana kabisa machoni petu na bado zikawa sawa kwa kipimo cha mwanga. Tukaishia kwenye bluu ya usiku. Kijani chake kikaenda chumbani kwake, ambako hakuna aliyekuwa na la kusema.

Nyumba inayosikika

Mteja anapotembea hugusisha fimbo sakafuni, na bila mwenyewe kufikiri husikiliza sauti inavyorudi. Wapo waliofikisha ustadi huu mbali. Mmarekani Daniel Kish, aliyepoteza macho utotoni, anajulikana kwa kutambua vitu kwa mwangwi wa ulimi wake tu. Wengi hawafiki huko, lakini karibu kila asiyeona vizuri hujua kwa masikio ameingia chumba kikubwa au kidogo, na kama mlango wa mbele uko wazi.

Sebule ya zege na kioo ilikuwa inapiga kelele. Sauti ya televisheni ilirudi kutoka pande zote, na mtu akimwita mteja hakujua ageukie wapi. Mkewe alikuwa ametandika mazulia kila mahali kupunguza mwangwi, na mazulia yakawa mitego ya miguu. Tuliyaondoa yote, tukapeleka kitambaa juu: paneli za sufu zilizofungwa kwenye dari, mbali na miguu.

Hapo kuna kishawishi cha kuzidisha. Nyumba iliyomezwa sauti yote ni kiziwi, na fimbo haina cha kusema ndani yake. Kwenye ukumbi wa kuelekea vyumbani tuliacha sakafu na ukuta mmoja vikiwa vigumu, na ukuta wa pili tukauvika mkanda wa koki usawa wa kiuno. Koki ni lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Mti haukatwi, huvuliwa gome kila baada ya miaka tisa hivi na kuota jingine. Wazo si langu. Shule ya Hazelwood mjini Glasgow, iliyosanifiwa na Alan Dunlop na kufunguliwa mwaka 2007 kwa watoto wenye ulemavu wa kuona na kusikia, ina ukuta wa koki ambao watoto huufuata kwa mkono. Gome hilo lina joto mkononi hata asubuhi ya baridi. Mahali pa kila mlango mkanda hukatika, na sauti ya fimbo nayo hubadilika, kwa hiyo mtu hupata habari ileile kwa mkono na kwa sikio.

Nilitaka pia mimea yenye harufu nje ya kila mlango, kama wasanifu wote wanavyotaka. Mteja akacheka. "Harufu haikai mahali," akasema, "inafuata upepo." Mimea tuliipanda, lakini kwa kupendeza tu. Maji yanayotiririka hukaa mahali pake. Katika kituo cha wasioona cha Iztapalapa, Mexico City, kilichokamilika mwaka 2001, Mauricio Rocha alipitisha mfereji katikati ya uwanja ili sauti yake iwe mwongozo. Sisi tulikuwa na kitu cha bei rahisi zaidi: bomba la maji ya mvua linaloingia kwenye tangi karibu na mlango wa nyuma. Siku za mvua mteja huujua mlango huo kutoka mbali. Siku za kiangazi, hapana.

Kovu la paji la uso

Alikuwa na kovu jipya juu ya jicho la kushoto, na nilipouliza alijaribu kubadili mazungumzo. Ni dirisha langu. Madirisha ya kufungukia nje, yale yanayodaka upepo vizuri, yalifungukia juu ya njia ya kando ya nyumba, usawa wa uso. Fimbo nyeupe hupapasa chini. Kitu kinachoning'inia kifuani au usoni huipita bila kuguswa. Kanuni za Marekani zinaeleza hatari hii kwa vipimo: kitu kilichochomoza ukutani kati ya kimo cha milimita 685 na 2,030 hivi kisizidi milimita 100. Vitabu vyangu vilikuwa na kanuni ya aina hiyo, ila nilikuwa nimeisoma nikifikiria makabati na mabango. Dirisha lilikuwa la orodha ya hewa.

Njia tuliihamisha, tukapanda vichaka vifupi chini ya madirisha ili mtu asiweze kupita hapo hata akitaka. Upepo haukuguswa. Ndani, milango miwili iliyokuwa ikiachwa nusu wazi tuliibadili kuwa ya kuteleza pembeni. Mlango wazi hauna shida, uliofungwa hauna shida. Ulioachwa katikati unamtazama mtu kwa ukingo wake.

Kuhusu taa za sensa nitasema kidogo. Bafuni zilizimika mteja akiwa ameketi kimya, akabaki katika giza ambalo macho yake hayawezi kulizoea hata akisubiri. Swichi za kawaida zilirudi. Sensa mbili zikabaki ukumbini, zikiwashwa na mtu lakini zikichelewa kuzima, na hazizimi ghafla bali zinafifia. Vyombo vya sola vilikuwa na kasoro nyingine: hali ya betri ilionekana kwenye skrini ndogo na taa za rangi tatu pekee. Programu yake ya simu ilisomeka vizuri kwa sauti, hadi ilipoboreshwa na vitufe vyake vikapoteza majina. Sasa kuna kengele mbili tofauti, moja ya betri inayopungua na moja ya iliyojaa, zilizounganishwa na fundi wa umeme bila programu yoyote. Jiko la induksheni, la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku, lenye uso wa kioo mtupu usio na cha kupapasa, lilikwenda kwa shemeji. Likanunuliwa jingine la induksheni lenye vitasa vinavyozunguka kwa kukwama hatua kwa hatua, mtu ahesabu.

Ramani ya kupapasa

Yote haya yangeweza kugunduliwa kabla ya msingi kuchimbwa. Msanifu Chris Downey wa California, aliyepoteza macho mwaka 2008 baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani, aliendelea na kazi yake kwa kusoma ramani za mistari iliyoinuka kwa vidole. Zipo karatasi maalumu ambazo mistari myeusi huvimba zikipitishwa kwenye joto. Kwa marekebisho nilichapisha ramani ya nyumba hivyo nikamwekea mteja mezani. Alifumba macho kwa makusudi, akapitisha vidole kutoka mlango wa mbele. Alipofika kwenye kona ya ukumbi, niliyoikata mshazari ili kuokoa mita chache za ukuta, akasimama.

"Hapa ninapotea," akasema. "Nikigeuka sijui nimegeuka kiasi gani."

Kona ya mraba mtu huijua kwa mwili; ya mshazari lazima aikisie. Kwa miezi sita alikuwa akipotea hapo usiku, na alidhani ni macho. Ukuta ule hatukuweza kuusogeza, ulikuwa umebeba paa. Tuliujazia kabati la kudumu lililorudisha umbo la mraba. Kisha akauliza mlango wa choo unafungukia upande gani, nikagundua kuwa kwenye ramani nilikuwa nimeuchora kinyume na ulivyojengwa.

Mtu mmoja alinishauri nitandike vigae vyenye nundu ndani, kama vile Seiichi Miyake wa Japani alivyovibuni mwaka 1965 kwa ajili ya njia za barabarani. Mteja alikataa kabla sijamaliza sentensi. Vigae hivyo vimemwokoa vituoni, alisema, lakini nyumbani hataki kuishi kama yuko kituoni. Badiliko la sakafu kutoka zege kwenda mbao kwenye kizingiti cha jikoni linamtosha.

Jambo moja halijatatuliwa. Mama mkwe amehamia hapo, naye ana mtoto wa jicho. Anataka mwanga zaidi kwenye kiti chake, mteja anataka pungufu kwenye chake, na viti viko mita mbili kutoka kimoja hadi kingine. Kwa sasa bibi ana taa yake ya shingo ndefu iliyomgeuzia mteja mgongo, na wamekubaliana nani azungushe mbao za baraza na saa ngapi. Upasuaji wa bibi umepangwa. Jicho likishasafishwa huenda akaanza kulalamikia mng'ao yeye pia, nasi tuanze kuvipanga upya viti.

Mapazia bado yapo. Mke huyafunga usiku, wapita njia wasichungulie.